Molo inanyesha, Marigat kavu: ni mwinuko tu?

Umeuliza kama ni mwinuko tu unaofanya Molo kunyeshe na Marigat kukauke, miji miwili ya Bonde la Ufa nchini Kenya. Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Hewa ikisukumwa kupanda milima ya Mau inapoa, mvuke unageuka matone, na kule Molo, mita 2,500 hivi, watu wanachimba viazi kwenye matope. Ikiteremka bondeni, kuelekea Marigat, inapata joto tena na wingu linayeyuka. Panda matatu ya Marigat hapo Nakuru: ukifika Mogotio tayari ni mkonge, migunga na mbuzi.

Lakini usikadirie mvua kwa mita pekee. Kisumu na Marigat zote ziko mita 1,100 hivi, ila Kisumu hupata mvua karibu mara mbili, maana Ziwa Victoria liko mlangoni, na upepo wake wa mchana ukigonga milima ya Nandi, jioni ni ngurumo. Naivasha nayo inalingana na Nakuru kwa kimo, lakini milima ya Nyandarua imeikinga upande wa mashariki, basi ni kavu zaidi.

Kaskazini ndiko utaona tofauti waziwazi: Lodwar, mita 500, hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka, ilhali Marsabit, mlima katikati ya ukame, una msitu wa ukungu.