Kabla hujakimbilia meli za amonia, yajue maji kwanza

Juzi kuna dogo yuko DMI, chuo cha mabaharia Dar es Salaam, kanitumia meseji, kasikia nimepata mkataba kwenye meli inayotumia amonia kama mafuta, anataka kujua nimepita njia gani na je ni kweli ile gesi inaua. Nikaanza kumjibu kwa voisi nikaona inageuka hotuba, bora niandike hapa maana wengi mnaonisoma najua mnazitaka hizi hizi meli mpya, hakuna anayetaka kuzeekea kwenye injini ya zamani inayovuja oili kila kona.

Ndiyo, inaua. Pua inaisikia mapema, hilo ni jambo zuri, lakini kiwango wanachoshauri kwa mtu wa kufanya kazi siku nzima ni ppm 25 tu, yaani sehemu 25 za gesi kwenye sehemu milioni za hewa, na ikifika 300 hapo hukai, unaondoka. Ndo maana huwezi kuifanyia mchezo wa kuipuliza tu juu kwenye mlingoti wa gesi iende na upepo. Na msidanganywe na ile habari kwamba amonia ni nyepesi kuliko hewa, ikitoka ya baridi (inachemka nyuzi 33 chini ya sifuri) ikakutana na unyevunyevu inatengeneza wingu zito linalotambaa kwenye deki hapo hapo mlipo. Kwa hiyo mabaki yote kutoka kwenye mabomba na injini lazima yapitishwe mahali yakasafishwe kabla hayajaona mlingoti, na mahali penyewe mara nyingi ni tangi la maji.

Sasa mimi maji na amonia nilivijulia kwenye meli za uvuvi. Nilikuwa fundi friji, chini kule, mtambo mzima wa kugandisha samaki ni amonia. Kuna kazi moja wazee walinifundisha ya kutoa hewa iliyonasa kwenye kondensa: unafunga mpira, ncha yake unaizamisha kwenye ndoo ya maji, unafungua valvu kidogo sana. Ikitoka hewa mapovu yanapanda mpaka juu yanapasuka. Ikianza kutoka amonia yenyewe mapovu hayafiki, yanapotelea njiani, unasikia tu maji yanatatarika ndani ya ndoo, tata-tata-tata, basi unafunga. Na mpira unauchomoa majini haraka, maana ukiusahau maji yanaimeza amonia iliyobaki mle ndani kwa kasi hadi yenyewe yanapanda kwenye mpira kurudi kwenye mtambo, kama mtu anavuta soda kwa mrija. Nimefanya kazi hiyo miaka, mikono inanuka, macho mekundu, hakuna aliyeniita injinia.

Miaka ya katikati naruka, vyeti, meli ya gesi, kusubiri ajira nyumbani Tanga kama kila mtu.

Nikaja kupata nafasi ya kozi Singapore. Kule amonia ni habari ya mjini tangu Machi 2024, meli ya Fortescue Green Pioneer ilipojazwa amonia bandarini kwa majaribio, tani 3 tu na bado zilipangwa kwa tahadhari kubwa. Darasani nilikuta watu wa meli za LNG, gesi asilia iliyofanywa kimiminika, wamejaa, wamevaa vizuri, kila mtu anataja meli zake. Zamu yangu ya kujitambulisha nikasema nilianzia friji za samaki, mwalimu akacheka akaniita bwana barafu, darasa zima likacheka nalo. Jina likabaki mpaka chai. Wanasema ni utani, sawa, ila bado linaniuma na sitajifanya haliniumi.

Siku ya simyuleta tukapewa kazi ya kuhamisha injini kutoka amonia kwenda dizeli kwa dharura. Ukihama hivyo bomba linabaki limejaa amonia, na injini hizi kubwa zinalishwa kwa presha ya karibu bar 80, kwa hiyo unaisukuma itoke kwa naitrojeni: kwanza inaingia kwenye tangi la kutenganisha amonia ya kimiminika na mvuke wake, halafu mvuke ndo unaenda kwenye tangi la maji. Jamaa wa LNG wakafungulia naitrojeni yote ili wamalize haraka. Mlingotini ppm zikaanza kupanda. Wakasema sensa imekufa! Mmoja akataka kuizima kabisa.

Nikawaambia angalieni maji. Naitrojeni haiyeyuki, ukiipeleka kwa fujo inapiga mapovu makubwa yanayokatiza majini na kubeba amonia tumboni mwake bila kuiosha. Halafu maji yenyewe yalishapata moto, amonia ikiyeyuka inatoa joto jingi, kilo 10 tu za mvuke kwenye lita 100 za maji zinapandisha joto zaidi ya nyuzi 40, na maji ya moto yanaanza kuirudisha ile gesi. Wakapunguza naitrojeni, wakazungusha maji kwenye kipoza, namba zikashuka. Mwalimu akaandika kitu kwenye karatasi yake, hakuniita bwana barafu tena.

Kwa hiyo dogo, na wengine wote, ushauri wangu ni maji. Angalia kimo chake, angalia joto lake, jua yameshakula amonia kiasi gani maana yana mwisho. Amonia ya kimiminika usiiruhusu iingie humo, itachemka ghafla igonge mabomba. Valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma iwe nzima, ile habari ya mpira na ndoo niliyowaambia hapo juu haijaisha kwa sababu meli ni mpya. Ikimwagika dekini, maji ya mnyunyizo unapigia wingu, siyo lile dimbwi, ukimwagia dimbwi unalipa joto linachemka zaidi. Na maji yaliyotumika ni sumu kwa samaki, yana tangi lake, usimsikilize anayekwambia fungua valvu usiku hakuna anayeona. Vijana tunapenda cheti kuliko kazi, mtu anapiga picha na maski shingoni hajui hata filta yake ni ya gesi gani. Acheni hizo. Ukidharau fundi wa chini unamdharau aliyeisikia hiyo gesi kwa pua yake.

Kuhusu makaratasi: IGF, cheti cha kufanya kazi kwenye meli zinazotumia gesi kama mafuta, ile ya msingi unaisoma darasani, haina shida sana. Ile ya juu ndo inawakwamisha watu, inadai walau mwezi mmoja baharini kwenye meli husika na kushiriki kujaza mafuta mara 3, ila 2 kati ya hizo zinaweza kufanyika kwenye simyuleta. Kwa hiyo ukipata meli ya LNG kwanza, ichukue, usisubiri ya amonia.