Kwa kijana anayetaka kusomea ukutubi, na mzazi anayemlipia

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, napokea ujumbe wa wazazi na vijana wakiuliza jambo lilelile: mtoto amepata D nne, kuna mtu kamwambia ukutubi utamchukua, je, aende? Nimefanya kazi hii katika maktaba ya umma, kisha maktaba ya chuo, na sasa napokea wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. Jibu langu ni kwamba aende kama anapenda kuwatafutia watu habari na ana subira ya kukaa na kitabu mpaka ajue kinasema nini. Kama anaenda kwa sababu ndiyo kozi iliyobaki, namsihi asubiri kwanza.

Juu ya vyuo sitakaa sana. Hapa Tanzania mlango unaojulikana zaidi ni Bagamoyo, Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka, kilichoanzishwa 1989 chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Unaingia na cheti, unapanda hadi stashahada. Kabla yake wakutubi wengi wa nchi zetu walifunzwa Makerere, ambako Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilianza 1963. Kenya kuna Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya uzamili kwa wanaotaka kwenda mbele. Popote uendapo, kabla hujalipa ada hakikisha usajili wa chuo, NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) kwa cheti na stashahada, TCU (tume ya vyuo vikuu) kwa shahada. Na jitahidi Kiingereza chako kiwe kizuri, maana masomo na majedwali ya Dewey, ule mpango wa kupanga vitabu kwa namba za mada, utayakuta kwa lugha hiyo.

Ninalotaka kulisema kwa kirefu ni lile somo linalokimbiwa na wanafunzi wengi: uorodheshaji na uainishaji, yaani kuandika rekodi ya kitabu kwenye katalogi na kukipa namba ya mada yake. Huwa wananiambia, "Si kuna kompyuta siku hizi?" Ipo, tena ni msaada mkubwa. Koha, programu ya maktaba iliyoanzia New Zealand, ni ya bure, na kwa kitabu cha Kiingereza unaweza kuvuta rekodi iliyokwisha kutengenezwa na maktaba nyingine duniani. Lakini vitabu vyetu?

Kuna kijitabu ninachopenda kuwawekea wanafunzi mezani. Ni cha Kiswahili, kurasa chache, mwandishi kajichapishia mwenyewe, kinahusu mizizi na majani yanayotibu. Hakina ISBN, ile namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu. Ukikitafuta kwenye katalogi za nje hukipati, kwa hiyo hakuna pa kunakili. Ukifungua Dewey unakutana na namba tatu zote zinazoelekea kufaa: 615.321 kwa dawa zitokanazo na mimea, 615.88 kwa tiba za jadi, na 581.634 kwa mimea ya dawa kwa upande wa botania. Hapo hakuna njia ila kukisoma. Mwandishi akishughulika na dawa yenyewe, inatengenezwaje na inatolewa kwa kipimo gani, ni ya kwanza. Akisimulia wazee walivyokuwa wakitibu, ni ya pili. Akichambua mmea, unaota wapi na unatambulikaje, ni ya tatu. Kikikaa pasipo pake, mwanafunzi wa uuguzi atapita mbele ya rafu yake mwaka mzima asikione, na kitabu kisichoonekana ni sawa na ambacho hatukununua.

Kisha jina la mwandishi. Majina yetu mengi ni la mtu likifuatwa na la baba. Mkutubi mmoja anaanza na la mwisho, mwenzake na la kwanza, basi vitabu vya mtu mmoja vinatengana katika katalogi na hata rafuni. Chagueni utaratibu mmoja, uandikwe kwenye faili la maamuzi la maktaba, na anayekuja baada yenu aukute.

Mwalimu mzuri atakufundisha pia kasoro za Dewey. Mpango huu ulitolewa Marekani 1876, na unaonekana: Ukristo umepewa namba kuanzia 220 hadi 289, Uislamu wote umewekwa 297, na dini za jadi za Afrika zimebanwa 299.6. Fanya kazi Zanzibar au Lamu uone, vitabu vya dini karibu vyote vinasongamana kwenye namba moja, na mikia ya desimali inarefuka mpaka haienei kwenye mgongo wa kitabu. Lazima ujue kuipanga kwa busara, na kwa hilo kompyuta haitakuamulia.

Mafunzo ya vitendo msiyachague kwa ukaribu wa nyumbani. Nendeni kwenye wasomaji wengi. Kuna sehemu mwanafunzi anagongeshwa mihuri na kurudisha vitabu rafuni mpaka siku ya mwisho. Omba kwa barua, mapema, upitishwe mapokezi, uorodheshaji, majarida na meza ya marejeo. Meza ya marejeo, wasomaji wanakokuja kuuliza, ndiko utakakojifunza kusikiliza. Mama mmoja alinijia akauliza vitabu vya sheria viko wapi. Ningemnyooshea kidole rafu ya 340 angeshukuru akaenda. Nilimuuliza polepole ni jambo gani linalomtatiza, akasema ni shamba la marehemu mumewe kijijini, shemeji zake wanalitaka. Alichohitaji ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, mtu wa kumsomea vifungu vinavyomhusu, na kuelekezwa kwa wasaidizi wa kisheria. Na yote hayo yakabaki kwetu wawili. Siri ya msomaji ni sehemu ya kazi.

Wazazi huuliza ajira. Ukweli ni kwamba nafasi zenye jina la mkutubi ni chache. Shule nyingi bado zinamkabidhi mwalimu funguo za maktaba juu ya vipindi vyake, jambo linaloniuma kila ninapolikuta. Kwa hiyo msidharau ule upande wa nyaraka. Masjala za halmashauri, kumbukumbu za hospitali, mabenki, mashirika, wote wanahitaji mtu anayejua faili likae wapi, litunzwe miaka mingapi na nani aruhusiwe kulisoma. Baadhi ya wanafunzi wangu wamepata kazi huko kabla ya wenzao waliong'ang'ania maktaba peke yake.

Kabla ya kujaza fomu, nenda maktaba ya mkoa iliyo karibu nawe uombe kukaa asubuhi moja na mtu wa uorodheshaji. Mwambie akupe kitabu kimoja cha Kiswahili kisicho na namba, ujaribu kukitafutia mahali pake, kisha akueleze yeye angekiweka wapi na kwa nini.