Sikujua bibi alizaliwa mwaka gani

Wiki tuliyomzika bibi, mjomba alinituma nikafuatilie cheti cha kifo, maana mi ndo nilionekana naweza kuhangaika na makaratasi (na kwa asiyejua, kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30, msisubiri mpaka arobaini ipite ndo mkumbuke). Basi nikafika, dada wa dirishani akauliza jina la marehemu nikataja, akauliza mwaka wa kuzaliwa, nikanyamaza. Mwanamke aliyenilea toka nina miaka minne, aliyekuwa akiamka saa tisa usiku achome vitumbua ili mi nipate viatu vya shule, sijui kazaliwa lini. Kadi yake ya kura ilikuwa na tarehe moja mwezi wa kwanza lakini mwenyewe alishasema ile waliandika tu. Nilitoka nje nikakaa chini ya mwarobaini nikalia kuliko nilivyolia makaburini.

Kwa hiyo naandika haya kwa ajili yako wewe ambaye ukimpigia mama au bibi yako bado anapokea.

Kosa langu kubwa lilikuwa namna ya kuuliza. Nilikuwa namwambia "bibi hebu nisimulie maisha yako", anacheka, anasema nina maisha gani mie mwanangu, nimezaa nimelea, na mazungumzo yanaishia hapo. Wazee wetu wengi hawakushika tarehe, walishika matukio, sasa muulize kwa matukio. Uhuru ulikukuta wapi, ulikuwa umembeba nani? Mashamba ya mkonge yalipotaifishwa 1967 babu alikuwa kazini kwa nani? Vita vya Kagera nani wa mtaani alikwenda? Ile miaka ya themanini ya foleni za sukari na sabuni mlikuwa mnafulia nini? Mimi hesabu ya bibi nimekuja kuipata hivyo hivyo kwa mama mkubwa: siku ya Uhuru 1961 mjomba alikuwa mgongoni hajaanza kutambaa, mama mkubwa mwenyewe alikuwa kashaanza kutumwa dukani, na bibi aliolewa muda si mrefu baada ya kuvunja ungo, basi ukirudi nyuma unafika 1940 au kasoro kidogo. Si tarehe kamili, ila sasa najua.

Na swali moja linazaa lingine. Nikamuuliza mama mkubwa kuhusu kisomo cha watu wazima miaka ya sabini, nikitaka tu kujua kama kwao kilifika, akaniambia bibi alikuwa anakwenda jioni na kitinda mimba mgongoni, baada ya kushinda anauza, na wanawake wenzie wanamcheka kwamba mtu mzima anafuata nini darasani. Hapo nikakumbuka ripoti zangu za shule. Bibi hakukubali hata siku moja kuweka dole gumba, alikuwa anasaini jina lake herufi moja moja, kalamu anaikandamiza mpaka karatasi ya chini inabaki na alama, na mi nimesimama pale mlangoni nina haraka nataka kwenda kucheza. Zile ripoti ninazo mpaka leo, ukipitisha kidole nyuma ya karatasi unalisikia jina lake.

Jambo lingine ni vitu vyake. Baada ya arobaini wanawake walifungua sanduku la kanga pale nyumbani Ngamiani, harufu ya udi ikajaa chumba kizima, na ndani ya saa moja kanga zote zilikuwa zimegawanywa, huyu doti hii yule doti ile, kila mtu kwao. Mimi nilipata iliyoandikwa "Mama nipe radhi kuishi na watu kazi", nikaivaa miezi bila kujua chochote, mpaka siku moja mama mkubwa ananiona nayo akakaa chini, akasema hiyo bibi aliinunua kwa ajili ya safari ya kwenda kwao Mkinga kumuomba radhi mama yake, walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya ile ndoa. Mi nilikuwa nadandia nayo daladala tu. Zile nyingine sitazijua tena, kuna mbili tatu zimeshakuwa vitambaa vya jikoni kwa watu. Jamani kabla hamjagawa, tandikeni mkeka, pigeni picha kanga moja moja jina lionekane, na mkae na wazee waseme ipi ilitoka wapi. Itawachukua mchana mmoja.

Mapishi nayo usiulize kipimo, utaambiwa "kiasi". Mimi sasa nakaa na mama mkubwa jikoni na bakuli tupu, akichota sukari kwa mkono namwomba aimwage kwanza kwenye bakuli, napima kwa kikombe, ndo inaingia kwenye unga. Kumbe kiasi cha iliki ni punje tisa. Lakini kuna vitu havipimiki: bibi alikuwa anainamisha sikio kwenye sufuria kusikiliza kama unga wa vitumbua umeumuka, anasema unaongea, na mama mkubwa anafanya vile vile bila kujua kama kaiga. Hiyo nimeirekodi video.

Sauti sasa. Nilibadilisha simu bila kufanya bekapu na voisi za bibi za miaka yote zikapotea. Imebaki moja kwa binamu yangu, sekunde kumi na moja, anamuuliza umekula, haya usichelewe kulala. Mi nakwambia kama unazo leo, zitume kwa watu wawili na uziweke kwenye flashi, usiiamini simu moja.

Ila usimlazimishe mtu. Mwombe ruhusa kabla hujawasha simu, na akikwepa mwache akwepe. Kati ya mjomba na anayemfuatia kuna mtoto hakuishi, nilipomgusia mama mkubwa aliangalia pembeni akaanza kukunja kanga iliyokuwa imeshakunjwa. Nikazima simu nikaenda kuchemsha chai.

Siku hizi kila Ijumaa baada ya swala nakwenda kwake, nabeba daftari na mkate, tunakaa barazani. Ijumaa hii nataka kumuuliza kuhusu mbuzi ya kukunia nazi ya bibi, ile yenye mguu mmoja mfupi tuliyokuwa tunaiwekea kijiwe isiyumbe, nani aliichonga, maana kwenye ubao wake chini kuna herufi mbili zimechorwa kwa kisu na mi nadhani moja ni ya babu.