Hewa ukaa imeshuka, lakini nani kaishusha?

Naandaa ripoti za uendelevu za kampuni. Kila nikikuta hewa ukaa imeshuka, kabla ya pongezi nauliza: nani kaishusha? Mara nyingi jibu haliwafurahishi wakurugenzi. Ni serikali.

Chukua Uingereza. Mwaka 2014, kigezo rasmi kilihesabu karibu gramu 494 za gesi joto kwa kila uniti ya umeme wa gridi. Kufikia 2023 zilibaki kama 207. Sera ndizo zilizofanya kazi hiyo: makaa ya mawe yalibanwa na kiwango cha chini cha bei ya kaboni kilichoanza 2013, mitambo ya upepo baharini ikapewa mikataba ya bei isiyoyumba, na baadaye, Septemba 2024, hata kituo cha mwisho cha umeme wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, kikazimwa. Kampuni iliyotumia uniti milioni moja kwa mwaka, na ikaendelea na milioni ileile, hesabu yake ilitoka tani 494 hadi 207 bila mtu kubadilisha hata taa. Halafu unaletewa rasimu ya ripoti yenye picha ya majani mabichi na sentensi "juhudi zetu zimezaa matunda".

Ndiyo maana kwenye jedwali langu uniti hutangulia, tani hufuata. Kisha tani nazihesabu mara mbili: kwa kigezo cha mwaka wa msingi, yaani ule tunaoanzia kulinganisha, na kwa kigezo cha mwaka huu. Tofauti iliyopo kati ya hizo mbili ni ya sera, si yenu. Bodi ikishaona mgawanyo huo, mazungumzo hubadilika. Mtu huanza kuuliza habari za kompresa inayonguruma usiku kucha wakati kiwanda kimefungwa.

Na vyeti vya nishati jadidifu, vile kampuni inavyonunua ili idai umeme wake ni safi? Vinaruhusiwa. Mwongozo wa 2015 wa GHG Protocol, kanuni za kimataifa za kuhesabu gesi joto, unataka kampuni yenye mikataba au vyeti vya aina hiyo ioneshe namba mbili, ya gridi ilipo na ya umeme ilioununua. Ukiona ripoti imetanguliza sifuri ya vyeti na kuificha namba ya gridi kwenye kiambatisho, shika kalamu nyekundu.

Sisemi sera hazibadilishi mwenendo wa kampuni. Zinabadilisha, ila bei ikiwa na meno. Soko la kaboni la Ulaya lilianza 2005, na baada ya msukosuko wa uchumi vibali vya kutoa hewa ukaa vikajaa sokoni, bei ikakaa chini ya euro 10 kwa miaka. Kwa bei hiyo hakuna mhasibu atakayeidhinisha boila mpya. Vibali vya ziada vilipoanza kuondolewa 2019 bei ilipanda, na Februari 2023 ikagusa euro 100. Hapo hata bomba la mvuke linalovuja hupata bajeti.

Ruzuku ndizo za kuangalia kwa jicho kali. Hispania ilikata malipo ya umeme wa jua hata kwa mitambo iliyokwisha kujengwa. Marekani ilitoa unafuu mkubwa wa kodi mwaka 2022, na Julai 2025 sheria nyingine ikaufupisha kwa upepo na jua. Kwa hiyo piga hesabu ya mradi bila ruzuku. Mradi usipolipa bila ruzuku, unaweza bado kuufanya, lakini usiufanye nguzo ya ahadi yako ya kupunguza hewa ukaa ifikapo 2030.

Tena sera inayokugusa si lazima iwe ya serikali yako. Tangu Januari 2026 Ulaya inatoza gharama ya kaboni kwenye chuma, saruji, alumini na mbolea zinazoingia huko. Asiye na takwimu zake zilizothibitishwa hukadiriwa, na makadirio hayo yamewekwa juu makusudi. Kabla ya kuajiri mshauri kama mimi, fungeni mita kwenye kila mtambo mkubwa. Bili moja ya kiwanda kizima haitamwambia mteja wenu tani moja ya saruji imekula uniti ngapi.