Kabla hujatangaza kirusi kipya cha popo, tafuta mwiba wake

Jumamosi iliyopita niliamka nikakuta ujumbe wa dada mmoja anayesoma uzamili Tanzania. "Shikamoo kaka. Nimepata korona kwenye popo watatu. Kwenye mti wa ukoo inakaa bega kwa bega na 229E, ile inayoleta mafua kwa watu. Msimamizi wangu anataka tuandike haraka kwamba tumepata chimbuko lake. Nishauri."

Niliusoma mara mbili, nikaweka simu chini, nikatoka kutembea. Maneno yale yalikuwa yangu mwenyewe mwaka 2018. Na wewe unayesoma hapa najua unachokitaka, kwa sababu nami nilikitaka: siku moja kirusi kiandikwe, na pembeni yake liwepo jina lako. Si vibaya kukitaka. Ila sikiliza kwanza yaliyonipata.

Pango lenyewe liko Kwale, pwani ya Kenya, pango la mawe ya matumbawe, mdomo wake umefunikwa nusu na mizizi. Mzee anayelitunza hakutaka kusikia habari za maabara kabla hatujaketi. "Wanangu, humu mna wenyewe," akasema, na hakuwa na maana ya popo. Tulimwonyesha vibali vya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, akavitazama akaturudishia. Tulipofukiza ubani na kunyunyiza marashi mlangoni, ndipo aliposogea pembeni tukapita.

Jua lilipozama wakaanza kutoka. Kwanza mmoja mmoja, halafu kama moshi. Wa kwanza niliyemtoa wavuni alikuwa Triaenops, popo mwenye ngozi puani iliyochongoka ncha tatu kama uma. Nilimshika kwa glavu mbili na bado nikausikia moyo wake ukidunda kwenye kidole gumba changu, kasi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Wa pili alikuwa Hipposideros, mdogo zaidi, ananing'ata glavu bila kuchoka. Nilipomulika dari niliona kitu ambacho sikukielewa uzito wake usiku ule: jamii nne au tano za popo chini ya paa moja, hawa wamejipanga hapa, wale pale, na kinyesi cha wote kinaangukia sakafu moja.

Ya maabara nayaruka. Ilikuwa miezi ya kumimina majimaji kutoka kichupa hiki kwenda kile. Mwisho wake nilipata kipande cha herufi 440 za kijenetiki kutoka kwa popo wa jamii ya Hipposideros, nikakipandisha kwenye mti wa ukoo, kikatua karibu na 229E. Nililia kwa furaha, nawaambia ukweli. Nikampigia mama.

Hizo herufi 440 zinatoka kwenye jeni ya kimeng'enya ambacho kirusi hukitumia kujinakili. Watafiti tunaipenda sehemu hiyo kwa sababu haibadiliki sana, kwa hiyo kipimo kimoja cha PCR, kile kinachozidisha chembe za kijenetiki mpaka zionekane, kinaweza kunasa korona za kila aina, hata ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Lakini jenomu nzima ya korona, yaani maandishi yake yote ya kijenetiki, ina herufi karibu 30,000. Nilichokuwa nacho mkononi hakikufika hata asilimia mbili ya kirusi. Kwa hicho tu nikaandaa wasilisho lenye kichwa kwamba chimbuko la 229E limepatikana Pwani.

Ukumbi ulijaa. Nilipomaliza, mama mmoja mtafiti aliyeketi nyuma akainua mkono. "Mwiba wake uko wapi?" Alikuwa akiuliza jeni ya ile protini ya mwiba ambayo kirusi hushikia nayo seli. Sikuwa nayo. "Na kazi ya Ghana umeisoma?" Sikuwa nimeisoma. Kumbe tangu 2009 ndugu wa 229E walikuwa wameshaelezwa kutoka kwa popo haohao wa jamii ya Hipposideros kule Ghana. Watu wakacheka. Msimamizi wangu, ambaye ndiye aliyenihimiza nisimame pale, akainamia simu yake mpaka kikao kikaisha. Hakusema neno siku ile, wala kesho yake. Na kazi ilipokuja kuchapishwa, jina langu nililikuta kwenye mstari wa shukrani. Miaka imepita na bado nikipita karibu na ukumbi ule nahisi masikio yanawaka.

Swali la yule mama lilikuwa la haki, na ndilo ushauri wangu mkubwa leo: usitangaze ukoo kwa kipande kimoja.

Wengi hawajaambiwa sababu. Korona ni virusi vya RNA, kundi ambalo kwa kawaida hukosea sana linapojinakili, lakini vina kimeng'enya cha kusahihisha makosa ya kunakili, ndiyo maana herufi zao hazibadiliki ovyo kama za virusi vya mafua makali. Wingi wa aina zao unatoka pia kwingine. Popo mmoja akibeba korona mbili tofauti, zikakutana ndani ya seli moja, mashine ya kunakili inaweza kuanza na kirusi cha kwanza na katikati ya kazi ikarukia cha pili. Fikiria mtoto wa madrasa anayenakili kitabu, upepo unafunua kurasa, yeye anaendelea kuandika kutoka kitabu cha jirani bila kujua. Nakala itakayotoka ina wazazi wawili. Ukiisoma kurasa za mwanzo utasema ni mtoto wa huyu, ukisoma za katikati utaapa ni mtoto wa yule.

Mfano mkubwa tunao hapahapa nyumbani. Sampuli za popo zilizokusanywa Kenya kati ya 2007 na 2010, matokeo yake yakachapishwa 2017, zilionyesha kwamba NL63, korona nyingine ya mafua ya binadamu iliyotambuliwa Uholanzi mwaka 2004, ni chotara. Sehemu kubwa ya mwili wake inafanana na virusi vya Triaenops, na mwiba wake unatoka upande wa virusi vinavyofanana na 229E, vile vya Hipposideros. Wale popo wawili niliowatoa wavuni usiku mmoja! Nilikuwa nimesimama chini ya dari ileile ambamo jambo kama hilo linaweza kutokea, na macho yangu yote yalikuwa kwenye herufi 440.

Nenda Uganda na Rwanda nako utakuta funzo hilohilo. Kuna korona za popo kutoka huko ambazo ni jamii moja na kirusi cha SARS, ule ugonjwa mkali wa mapafu, lakini mwiba wao ulipojaribiwa maabara, kazi iliyochapishwa 2021, haukuweza kutumia ACE2 ya binadamu, yaani ule mlango ambao SARS huingilia. Mwandishi wa habari akipewa jina la ukoo peke yake atatisha nchi nzima.

Baada ya aibu ile nilirudi kwenye friza. Nusu mwaka nzima nikiutafuta mwiba, kipande kwa kipande, kwa sababu jeni ya mwiba hubadilika sana na vianzio vya kipimo, vile vipande vifupi vinavyotakiwa kushika jeni ili PCR ianze, vinakataa kushika. Nilipoupata na kuchora mti wa pili, haukulingana na wa kwanza. Kirusi changu kilikuwa na jirani wengine kabisa. Ningekuwa nimechapisha uongo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, someni kabla ya kuandika. Someni kazi za kwetu, siyo za China peke yake. Kati ya popo 221 waliochukuliwa sampuli Kenya mwaka 2006, 41 walikutwa na korona, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza korona za popo kuonekana Afrika. Someni kazi ya 2020 kutoka Uganda, Rwanda na Tanzania, iliyoonyesha kwamba korona huonekana zaidi kipindi ambacho watoto wa popo wametoka kuachishwa kunyonya. Ukienda pangoni mwezi mmoja tu kwa mwaka ukakosa, usiseme pango ni safi. Pata mwiba. Ukiweza pata jenomu nzima. Na neno "spishi mpya" liache mpaka ulinganishe sehemu zile za mashine ya kunakili zinazokubalika kimataifa, ambapo virusi vinavyofanana kwa zaidi ya asilimia 90 ya amino asidi, vile vijenzi vya protini, huhesabiwa spishi moja. Pata chanjo ya kichaa cha mbwa kabla hujashika popo. Vaa barakoa. Pango la Kitum kule Mlima Elgon limehusishwa na wagonjwa wa Marburg, homa kali ya kutoka damu, mwaka 1980 na 1987, si mahali pa kujionyesha ushujaa.

Na tuwe na hofu ya Mungu kwa watu wanaotupisha kwenye mapango yao. Ukitangaza ovyo kwamba mama wa gonjwa yuko kijijini, wewe utakuwa umesharudi mjini na watakaowasha moto mlangoni ni vijana wa pale. Popo wale hula wadudu shambani kwa yule mzee kila usiku. Ana haki ya kupata jibu kwa Kiswahili, na alipate kabla ya jarida la Ulaya. Mimi nilichelewa miaka miwili kumpelekea, akanipokea bila kunilaumu, akauliza tu kama popo wake ni wagonjwa. Nikamwambia hapana babu, wanakibeba tu na wanaendelea kuishi.

Yule dada nimemjibu hayo yote, marefu kuliko haya. Jana usiku akaandika tena. Sampuli moja kati ya tatu imeisha, mbili bado ziko kwenye friza, na msimamizi amekubali kusubiri, ingawa kwa kununa. Nimemtumia orodha ya vianzio vyangu vya mwiba, vile vilivyonishinda nimevipigia mstari mwekundu. Jumatatu anaanza na popo namba mbili.