Mbwa wako wa kuokota anaiba ndala? Soma hapa kabla hujamfunga mnyororo

Kama umeokota mbwa mtaani, umemlisha, umemwogesha, akanawiri, na sasa hivi unazunguka nyumba nzima kutafuta ndala ya mguu wa kushoto huku unachelewa kazini, basi haya yanakuhusu. Mi nina wangu hapa Tabata, tulimtoa kwenye mtaro kipindi cha masika, mbwa koko haswa, rangi ya mchanga, sikio moja limesimama lingine limelala, watoto wa mtaa wakampa jina Kibaka na kwa kweli hawajamsingizia. Ameshaiba ndala, yeboyebo, brashi ya choo, andazi mkononi mwa mtoto, na siku moja rimoti ya king'amuzi tukaikuta imefukiwa kwenye tuta la mchicha, betri zimo na inafanya kazi vizuri tu.

Wengi wakifika hapa wanachoka, wanamfunga kwenye mwembe kuanzia asubuhi mpaka usiku au wanamsafirisha usiku wakamtupe mbali. Mi naona mbwa wa hivi ana akili nyingi na hana kazi ya kufanya, basi. Ukimfunga kutwa nzima utundu hauondoki, unageuka kuwa kubweka, kuchimba na mwisho kung'ata.

Ila kabla ya mafunzo yoyote, afya kwanza. Tafuta daktari wa mifugo, wapo wanaokuja mpaka nyumbani. Chanjo ya kichaa cha mbwa anaanza kupewa akiwa na miezi mitatu hivi, halafu inarudiwa kama daktari atakavyopanga, kwetu huku kawaida ni kila mwaka, na kadi yake uitunze maana siku akimkwaruza mtoto wa mtu hiyo kadi ndo itakutetea. Dawa ya minyoo pia, na kupe, aisee kupe, huyu wetu alikuwa nao mpaka katikati ya vidole, inabidi utanue kidole kimoja kimoja na ukodoe macho. Na tafadhali, mbwa akiwa na ukurutu usimpake oili chafu ya gari. Najua utaambiwa na kila mtu mtaani kwamba ndo dawa. Ile ni sumu, inaunguza ngozi na akijilamba anaimeza. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe usijipimie tu kwa macho, muulize daktari.

Akitokea mtu kaumwa, hata kama ni mkwaruzo wa jino tu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima halafu hospitali siku hiyohiyo, msisubiri kuona itakuwaje. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu kila mara ni kifo. Hapo sina utani.

Haya turudi kwa mwizi wetu. Mbwa aliyekulia jalalani anajua chakula ni kile ulichokiwahi, hana habari ya changu na chako. Halafu kama ni mdogo, meno yake 28 ya utoto yanaanza kubadilika kwenye miezi mitatu minne hivi, yanaota ya ukubwani 42, fizi zinawasha, kwa hiyo atatafuna tu, swali ni atatafuna nini. Na hata meno yakishaisha kuota kuna ule ujana wao unaoweza kwenda mpaka mwaka na nusu, yani hapo ndo utajuta kumfahamu.

Ungemuona Kibaka akiwa kazini. Umekaa barazani na sahani ya wali na kibua, yeye analala kabisa, kidevu chini, macho kayafumba, unasema huyu leo kachoka. Ukigeuka kujibu salamu ya mtu getini, anasogea kwa tumbo, hanyanyuki, anasota tu, ukigeuka tena yuko palepale kama kalala ila ni karibu zaidi kidogo. Mara ya tatu kibua hakipo na mbwa hayupo, na wali hajagusa hata punje.

Sasa akishakimbia na kitu, usimkimbize! Hili ndo kubwa kuliko yote. Kwake wewe kumkimbiza ndo mchezo wenyewe, atakuzungusha mtaa mzima na majirani wanashangilia kama Simba na Yanga uwanja wa Mkapa. Mi nafanya biashara. Naenda jikoni nachukua dagaa wawili, nachuchumaa, naangalia pembeni kama vile sina shida na ndala yake. Anakuja mwenyewe, anaacha ndala, anapewa dagaa, na wakati mwingine namrudishia na kitu chenyewe kama hakina madhara ili ajue kukileta siyo kunyang'anywa. Watu wananiambia unamfundisha aibe ili alipwe. Labda kidogo, sikatai, ila mbwa anayeleta vitu ni nafuu kuliko mbwa anayevifukia.

Na kumpiga hakusaidii. Umerudi saa kumi na moja jioni unampiga kwa ajili ya soksi aliyoitafuna saa nne asubuhi, atajuaje? Mtasema mbona ananywea, anainamisha kichwa, anajua kosa lake. Mwaka 2009 mtafiti mmoja wa Marekani, Alexandra Horowitz, alijaribu hilo, mbwa waliachwa na chakula walichokatazwa, halafu wenye mbwa wakaambiwa mbwa kala au hajala, na wengine walidanganywa. Ile sura ya mwenye hatia ilitokea zaidi pale mwenye mbwa alipogomba, hata kama mbwa hakula kitu. Yani anasoma uso wako tu na anaona hali si shwari.

Kumpa kazi siyo lazima ununue midoli ya bei mbaya ya supamaketi. Chemsha dagaa, usiweke chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa, na chokoleti, na zabibu), ule mchuzi changanya na ugali kidogo, mimina kwenye kibakuli cha chuma, weka friza. Mchana jua limewaka, hasa hizi Desemba mpaka Februari, unampa hiyo barafu yake anailamba mpaka imeyeyuka na nyumba inakuwa kimya unaweza hata kusinzia. Siku nyingine nasambaza dagaa wakavu kwenye majani uani anawatafuta kwa pua mmoja mmoja. Pua ikifanya kazi anachoka kuliko hata akikimbia. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vikali. Matembezi ni saa kumi na mbili asubuhi au jua likishazama, lami ya mchana iguse na kiganja chako, kama huwezi kukaa nacho na yeye hawezi. Kamba shika fupi bodaboda zikipita.

Kingine ni majirani, na hapa Dar hiki ni nusu ya kufuga mbwa. Wengi wetu ni Waislamu, mate ya mbwa ni najisi, kwa wengi nguo iliyoguswa inaoshwa mara saba na moja iwe kwa udongo. Kwa hiyo Kibaka alipopita chini ya geti Ijumaa akavuta kanzu ya mzee wa nyumba ya pili kwenye kamba, nilienda mwenyewe, sikumtuma mtoto. Nikaamkia, shikamoo mzee. Akajibu marahaba, akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, huyo mbwa wako mi simchukii, namchukia anapokaribia kamba yangu." Nikamlipia kanzu nyingine, na jioni ileile tukapanga matofali chini ya geti. Ziba matundu mapema, mbwa anapita pale ambapo kichwa kinapita. Na kama ni dume muulize daktari kuhusu kumhasi, kuzurura kunapungua kwa wengi.

Halafu jina. Mpe jina ambalo unaweza kulipigia kelele usiku. Siku moja umeme umekatika, geti liko wazi, jamaa kachomoka, na mimi nyuma yake na tochi ya simu nikiita Kibaka! Kibaka! Sikufika hata dukani kwa Mangi, milango inafunguka, watu na fimbo, mmoja kifua wazi ana mwiko wa ugali, wanauliza kaelekea wapi, wako wangapi. Kuwaelewesha kwamba ni mbwa kulichukua muda, na wawili walishatangulia mpaka njia panda. Siku hizi akiwa nje ya geti anaitwa Bosi. Anaitika, kama una dagaa.