Dipoziti ya nyumba: mwenye nyumba ana haki ya kukata nini?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nimekaa nyumba ya kupanga miaka mitano. Nilipoingia nilitoa dipoziti ya kodi ya miezi miwili, na mkataba unaiita "amana ya uharibifu". Sasa nahama, na mwenye nyumba anasema hanirudishii kitu: rangi imefifia, kitasa kimelegea, na sinki lina ufa. Ufa huo kweli ni wangu, niliangusha kitu kizito. Je, ana haki? Na je, naweza kuacha kulipa kodi ya mwezi wa mwisho ili tuwe tumemalizana?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Neno "amana" katika mkataba wenu limekaa pasipo pake. Kifiqhi, yaani katika sheria ya Kiislamu, amana haiguswi: aliyewekewa huitunza ile ile na kuirudisha ile ile. Dipoziti kwa kawaida mwenye nyumba huitumia, na mpangaji anajua na ameridhia. Pesa ikitumiwa kwa ruhusa imekuwa mkopo, na ni deni shingoni mwake hata akiibiwa. Kilicho amana hapa ni nyumba, na aliyeaminiwa ni wewe.

Aliyeaminiwa halipi kila kilichochakaa mikononi mwake. Hulipa alichoharibu kwa kuvuka mpaka (taaddi) au kwa uzembe (tafriti). Rangi kufifia kwa miaka mitano na kitasa kulegea kwa kufunguliwa kila siku ni matumizi yale yale uliyoyalipia kodi. Akikukata kwa hayo, amekutoza mara mbili.

Sinki ni jambo jingine. Halikuchakaa, limepasuliwa na kitendo chako. Kutokusudia kunaondoa dhambi, hakuondoi fidia.

Ila fidia ya kiasi gani? Wengi hukosea hapa. Mwenye nyumba huenda dukani, akauliza bei ya sinki jipya, akaikata yote. Haki yake ni thamani ya kile kilichoharibika, katika hali kilichokuwa nayo. Mwiteni fundi mnayemwamini nyote wawili, awaambie: sinki la umri ule, likiwa zima, lina thamani gani, na likiwa na ufa lina thamani gani? Tofauti ndiyo anayostahili. Ufa ukizibika kwa gharama ndogo kuliko hiyo, mnaweza kusikilizana kwa gharama ya kuziba. Kinachobaki katika dipoziti ni chako.

Akiongeza madai mengine, kanuni ni kwamba ushahidi ni juu ya anayedai na kiapo ni juu ya anayekanusha. Yeye ndiye wa kuonyesha kwamba kitu kilikuwa kizima ulipoingia. Kwa bahati mbaya, nyumba nyingi hukabidhiwa kwa mdomo tu. Qur'ani (2:282) imetuamrisha kuandika deni la muda maalumu, na dipoziti ni deni. Huko uendako, andikeni siku ya kuingia, chumba kwa chumba: vitasa, vioo, mabomba, swichi, namba ya mita, na kiasi cha dipoziti. Pigeni picha, mtie saini wote, kila mmoja abaki na nakala.

Kuhusu kodi ya mwezi wa mwisho: usiizuie. Kodi hiyo imeshawiva, yaani wakati wake wa kulipwa umefika, ilhali dipoziti unayomdai inawiva unapokabidhi funguo. Kukatana deni kwa deni kabla ya hapo kunahitaji ridhaa yake. Akikubali, andikeni. Akikataa, lipa, kisha udai chako. Mtume (s.a.w.) amesema kuchelewesha kulipa kwa mwenye uwezo ni dhulma, basi akikuzungusha naye anacho, tafuteni msuluhishi. Suluhu ikishindikana, kwenda mahakamani kudai haki yako si kosa.

Na huko uendako ukiambiwa "ongeza dipoziti, nikupunguzie kodi", kataa. Dipoziti ni mkopo, na punguzo hilo ni manufaa anayoyapata mkopeshaji kwa sababu ya mkopo wake. Hiyo ni riba, japo imevaa jina la kodi.

Wallahu a'lam.